Utaratibu wa Jikoni Uhesabu na Mikono

KFC ilifungua mkahawa wake wa kwanza Kampala mwaka 2013. Katika mikahawa ya namna hii mteja anataka kuku wa leo awe sawa na wa jana. Basi kila kazi huandikwa: moto wa mafuta, dakika za kukaanga, nani anapakia na nani anapokea fedha.

Utaratibu huu ulitoka Marekani. Mwaka 1948, huko California, ndugu wawili, Dick na Mac McDonald, walifunga mkahawa wao. Walipanga upya jiko na kazi ya watumishi wao. Mkahawa ulipofunguliwa tena, kila mtu alikuwa na kazi yake moja, kama kiwandani.

Kazi iliyoandikwa humlinda mfanyakazi. Mgeni hujifunza upesi, na msimamizi hawezi kugeuza amri kila asubuhi. Lakini kazi iliyopangiwa watu sita ikifanywa na wanne, haraka huzidi na mafuta ya moto huunguza watu.

Kwa hiyo karatasi hiyo itaje pia idadi ya watu wa zamu na wakati wa kupumzika. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 imeweka saa 48 kwa wiki. Wanaokaanga washirikishwe katika kuiandika.

Nawe ndugu wa shamba la chai au kiwanda cha nguo, jiulize: karatasi ya kazi yako inahesabu mikono mingapi?