Mapishi ya Samaki Nyumbani: Perege, Kambare na Dagaa

Karatasi hii yahusu samaki wapatikanao katika mji wa Babati, na hasa katika kata ya Bagara, ambako ziwa haliko mbali. Haikuandikwa kwa ajili ya wavuvi. Mvuvi akiisha kumtoa samaki majini na kumwuza, kazi yake imekwisha. Tangu hapo samaki yu mikononi mwa mpishi, na chakula chema chaweza kupotea jikoni kwa muda wa robo saa.

Katika nyumba nyingi samaki wote hupikwa kwa njia moja. Perege hukaangwa, kambare hukaangwa, sangara aliyeletwa kutoka Mwanza hukaangwa, nao wote hukaangwa hata wakawa wakavu kama kuni. Sababu si uvivu. Samaki aliyekaangwa sana huweza kulala mpaka kesho bila kunuka upesi, na mama asiye na friji hufanya hivyo kwa akili. Walakini njia hii hula mafuta mengi, nayo mafuta hununuliwa kwa fedha. Tena nyama ya samaki mdogo hupungua motoni hata ikabaki ngozi na miiba. Watoto, ambao ndio wenye haja kubwa ya chakula hiki kuliko sisi, hupewa mkia mgumu wasioweza kuutafuna. Basi yafaa tujue kila samaki ataka moto gani.

Zamani watu wengi wa nchi hizi hawakula samaki kabisa. Wamasai na wafugaji wengine hawakumhesabu kuwa ni chakula, na mpaka leo wako wazee wasiopenda hata harufu yake. Kwa hiyo mapishi ya samaki yaliyoko Babati yamekuja pamoja na watu: kutoka Kanda ya Ziwa, kutoka Kondoa, na kutoka Pwani, kwa kuwa mji huu uko kwenye barabara kuu itokayo Arusha kwenda Dodoma na Singida. Si aibu kujifunza kwa jirani. Mpishi hodari wa Bagara ni yule aliyechungulia vyungu vya watu wengi.

Kwanza, kununua. Mtazame samaki macho: yawe maangavu yenye kung'aa, si yaliyotumbukia ndani wala yenye ukungu. Funua mashavu, ndani yawe mekundu. Bonyeza ubavu kwa kidole, na shimo la kidole lirudi mara moja. Ukiona tumbo limelegea na kupasuka, mwache, hata ukipunguziwa bei. Ukiisha kununua, mfunike kwa kitambaa kilicholowa, umchukue kivulini, nawe umtumbue mara ufikapo nyumbani, maana kuoza huanzia tumboni na mashavuni. Wako watu wapendao kumtumbua samaki pale pale ukingoni mwa ziwa ili takataka zisiletwe nyumbani. Haifai. Maji ya ukingoni ni machafu kuliko yote, na Ziwa Babati lina viboko, ambao hawamwulizi mtu shughuli iliyomleta.

Perege ni samaki wa magamba, nyama yake ni nyeupe na haina mafuta mengi. Mparue kuanzia mkiani kwenda kichwani, umwoshe, umchanje mara tatu kila ubavu, kisha umpake chumvi na ndimu. Ukitaka kumkaanga, mwache robo saa, umfute maji kwa kitambaa safi, na mafuta yawe ya moto hasa kabla hajaingia. Samaki mwenye maji akitiwa katika mafuta ya vuguvugu hunata kwenye kikaango na kunywa mafuta kama sifongo. Usimgeuze geuze, mgeuze mara moja tu, upande wa chini ukiisha kuwa rangi ya dhahabu. Mafuta ya alizeti, ambayo hukamuliwa kwa wingi Singida na Manyara, yanafaa sana.

Lakini kwa maoni yangu perege mbichi wa siku ile ile asikaangwe. Mpike chukuchuku. Chukua perege wawili wa ukubwa wa kiganja, kitunguu kimoja, nyanya tatu zilizoiva, ndimu moja, pilipili nzima isiyopasuliwa, na chumvi. Panga vitunguu na nyanya chini ya sufuria, walaze samaki juu yake, tia vikombe viwili vya maji, ufunike. Yakianza kuchemka punguza moto, na usikoroge hata kidogo; shika sufuria kwa masikio yake uitikise. Kwa muda wa dakika 15 nyama itakuwa nyeupe mpaka ndani na kuachana na mfupa. Hiyo ndiyo alama ya kutazama siku zote, kwa kuwa samaki wa maji baridi huweza kuwa na minyoo, na kinga ni kumwivisha barabara. Kamulia ndimu mwishoni, si mwanzoni. Mchuzi huu mwepesi huenda vizuri na ugali, na kama una mchele wa Magugu huna haja ya kitu kingine. Kichwa usikitupe: ndicho kitiacho ladha mchuzini.

Sasa kambare. Huyu ndiye samaki asemwaye vibaya kuliko wote, nami naona ameonewa. Watu humlaumu kwa mambo mawili: utelezi na harufu ya tope. Utelezi ni ute wa ngozi yake, kwa kuwa hana magamba. Mtupie majivu ya jikoni, msugue kwa gunzi la hindi toka kichwani hata mkiani, kisha umwoshe kwa maji mengi; ute wote utaondoka. Angalia lakini mikono yako, maana mapezi yake ya ubavuni yana miiba migumu, na jeraha lake huuma kwa siku nyingi. Mvunjie miiba hiyo kwanza. Tena usidanganyike ukimwona amelala kimya kapuni. Kambare ana kiungo juu ya mashavu kimwezeshacho kuvuta hewa, naye huweza kukaa nje ya maji kwa muda mrefu akiwa hai, mradi asikauke.

Kuhusu harufu ya tope, si uchafu wa samaki mwenyewe. Vijidudu vidogo sana vya majini na matopeni hutoa kitu chenye harufu hiyo, nacho huingia katika mafuta na nyama ya samaki. Kitu hicho hakiwezi kustahimili ukali wa ndimu au siki. Kwa hiyo mkate vipande, uondoe mafuta ya manjano yaliyo tumboni, uvilowe katika maji yenye chumvi na ndimu mbili kwa nusu saa, kisha umwage maji yale. Aliyefanyiwa hivi hajulikani tena na wale wanaosema hawamli.

Njia bora ya kambare ni kumbanika. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na mwenye kubanika kambare huona maana ya maneno hayo kwa macho yake: humkunja duara, mkia ukafika kinywani, na kupitisha kijiti ili asifunguke. Akiisha kukauka hakunjiki tena, atavunjika tu. Mpake chumvi, umwache ajichuje maji, kisha umweke juu ya wavu wa chuma mbali kidogo na moto. Moto uwe mdogo na moshi uwe mwingi. Usitumie kuni zitoazo utomvu, wala mbao zilizopakwa rangi, kwa kuwa moshi wake ni sumu. Akikaa hapo tangu asubuhi hata jioni, huku ukimgeuza, atakuwa mwekundu wa kahawia na mwepesi mkononi. Mtundike mahali pakavu penye hewa, asifikiwe na nzi, na kila baada ya siku chache umrudishe kwenye moshi kidogo ili wadudu wasiingie.

Kambare mkavu hupikwa kwa karanga. Mloweke katika maji ya moto kwa dakika chache, umbambue, utoe mfupa mkubwa. Kaanga kitunguu na nyanya kwa kijiko kimoja tu cha mafuta, tia kikombe kimoja cha karanga zilizopondwa ukizichanganya na maji polepole zisifanye madonge, halafu vipande vya samaki. Acha ichemke kwa moto mdogo, huku ukikoroga chini, hata mafuta ya karanga yaelee juu. Watu wa Pwani watasema tui la nazi lingekuwa bora, na wana haki yao. Ila nazi ya Babati imesafiri mbali, na karanga zimelimwa hapa nchini. Chungu kimoja cha kambare kwa karanga hulisha nyumba ambayo samaki yule yule wa kukaanga asingeitosha.

Sangara sitamweleza kwa maneno mengi. Aliingizwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950, naye ana mafuta mengi mwilini hata hakubali kuanikwa juani vizuri kama samaki wengine. Kumtia tena katika sufuria ya mafuta ni hasara. Mchome juu ya makaa.

Wabaki dagaa, ambao husahauliwa kwa sababu ni wadogo na bei yao si kubwa. Wako wa Kigoma na wa Mwanza, na wale walioanikwa juu ya mchanga huja na mchanga wao. Watoe vichwa ukipenda, uwaoshe kwa maji ya vuguvugu mara tatu au nne mpaka usisikie chembe chini ya bakuli, uwakamue, kisha uwakaange kwa mafuta machache na kitunguu, nyanya na ndimu. Wengine huwatia katika mbaazi zilizokwisha kuiva, na chakula hicho ni kizuri sana. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, na mifupa ndiyo yenye chokaa ijengayo mifupa ya mtoto. Kwa mtoto aliyetimiza miezi 6 na kuanza kula, chagua dagaa waliooshwa vema, uwakaushe tena juani juu ya kitambaa safi, uwakaange bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, uwatwange na kuwachekecha. Tia kijiko kimoja cha chai cha unga huo katika bakuli la uji unaochemka, ukoroge, uache uchemke dakika chache zaidi. Usitie chumvi.