Askari Chini ya Msalaba

Kila mwaka, mvua za kwanza zinapolainisha udongo wa Lobule, katika wilaya ya Koboko, wakulima hutoka alfajiri na majembe yao kwenda kutayarisha mashamba. Ni katika majira hayo ambapo Wakristo wa sehemu hiyo huingia katika juma lililo takatifu kuliko yote katika mwaka wao. Jumapili ya Matawi huandamana na matawi mikononi; Ijumaa Kuu huikumbuka mauti kwa kufunga na kusali; na siku ya tatu huimba kwa furaha kwamba kaburi ni tupu. Tena, si wote walio raia wa Uganda. Tangu 2013 Lobule imekuwa na makazi ya wakimbizi kutoka Kongo, nchi ambayo mpaka wake hauko mbali na hapo.

Huenda askari msomaji akasema kwamba mambo haya ni ya mapadri, wachungaji na makatekista, nayo hayamhusu mtu wa lindo na doria. La, yanamhusu sana.

Kwanza yafaa tufahamu juma lenyewe. Pasaka haina tarehe moja ya kudumu kama Krismasi. Makanisa mengi huiadhimisha Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu 21 Machi. Ndiyo sababu huangukia baina ya 22 Machi na 25 Aprili. Hutanguliwa na Kwaresima, siku 40 za toba zinazowakumbusha waumini mfungo wa Yesu jangwani. Alhamisi Kuu wanakumbuka karamu ya mwisho, Bwana alipoinama kuwaosha miguu wanafunzi wake, kazi ambayo kwa desturi za wakati ule ilikuwa ya mtumwa. Ijumaa ni mateso na kifo. Jumamosi ni kimya cha kaburi. Jumapili ni ufufuko. Mkristo huamini kwamba bila siku hiyo ya mwisho, imani yake yote ingekuwa bure.

Sasa tuitazame habari hiyo kwa jicho la mwanajeshi. Katika Injili zote nne, watu wenye silaha wako karibu sana na tukio hilo, tangu mwanzo hadi mwisho. Walikuwapo bustanini usiku, wakiwa na taa na silaha, wakati wa kumkamata. Walimvika taji ya miiba na kumdhihaki mfungwa asiyeweza kujitetea. Walimshika Simoni wa Kirene, mpita njia tu, wakamlazimisha kuuchukua msalaba. Waliipigia kura kanzu ya mtu aliyekuwa bado yu hai mbele ya macho yao. Mathayo anasimulia pia kwamba walinzi wa kaburi walipokea fedha ili watoe taarifa ya uongo. Na juu yao alikuwapo Pilato, mkuu aliyejua kwamba mshtakiwa hana hatia, akanawa mikono, kisha akamtoa auawe.

Naam, hayo ndiyo makosa ya zamani ya watu wa sare: kumtesa mfungwa, kumwonea raia, kugawana mali ya mnyonge, kula rushwa, na kujificha nyuma ya amri. Hakuna lililo geni kwetu. Lakini chini ya msalaba ule ule alisimama akida mmoja wa Kirumi. Naye alikuwa ametumwa kama wenziwe. Hata hivyo alitazama, akatambua, akakiri waziwazi kwamba aliyekufa alikuwa mwenye haki. Sare yake haikumzuia kusema kweli.

Wananchi wa West Nile hawahitaji kufundishwa maana ya Ijumaa Kuu. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979, siku ya Jumatano ya juma hilo takatifu, na siku mbili baadaye, yaani Ijumaa Kuu yenyewe, Yusuf Lule aliapishwa kuwa Rais. Mahali pengi watu walishangilia. Lakini katika West Nile, nchi alikotoka Idi Amin, wengi walianza kuogopa kisasi, na hofu yao haikuwa ya bure. Baada ya mapigano ya Oktoba 1980, maelfu kwa maelfu walivuka mipaka kuingia Zaire na Sudan, wakiwa na watoto mgongoni na vyungu kichwani. Tarehe 24 Juni 1981, katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci karibu na mji wa Arua, raia waliokuwa wamekimbilia hapo kutafuta usalama waliuawa na askari wa serikali ya wakati ule. Ni jambo chungu kuandikwa na mtu wa jeshi, lakini askari asiyeijua aibu ya jana hawezi kuilinda heshima ya leo.

Huko ng'ambo walipokewa. Wakakwa na Walugbara wanakaa pande zote mbili za mpaka huo, na mkimbizi alipewa mahali pa kulala na pa kupanda mihogo. Miaka ikapita, wakarudi, wakakuta vichaka mahali pa nyumba zao, wakajenga upya. Kisha zamu ikageuka: Wakongo wakakimbia vita, na Lobule ikawapokea. Mwana wa aliyekuwa mkimbizi akawa mwenyeji. Ukimwuliza Mkristo wa huko ufufuko ni nini, si lazima akutajie kitabu. Aweza kukuonyesha shamba lililogawiwa mgeni.

Kadhalika tusisahau kwamba Koboko ni nchi ya Waislamu wengi pia, na vikosi vyetu vina watu wa dini zote. Ni desturi njema kwa Mwislamu kushika zamu ya mwenzake siku ya Pasaka, na Mkristo kulipa wema huo siku ya Idi. Lindo la namna hiyo nalo ni sala.

Basi, ndugu askari na polisi, Pasaka itakapofika, wengine wenu mtakuwa kanisani, na wengine kwenye kizuizi cha barabara au mpakani. Hapo atakuja mtu aliyechoka, hana karatasi, ana mtoto na mzigo. Atakuwa mikononi mwako kabisa, kama mfungwa yule alivyokuwa mikononi mwa Warumi. Mkague kama sheria inavyotaka, lakini usimdhihaki, usimwombe fedha, wala usinawe mikono. Kwa mwamini, juma hilo lafundisha kwamba mwenye nguvu si yeye asemaye neno la mwisho. Kaburi lilitiwa muhuri na kuwekewa walinzi, lakini halikuweza kumzuia aliyekuwa ndani.