Sura ya 7: Redio Iliyosahaulika Ndani ya Risiva

Geuza risiva yoyote ya sinema ya nyumbani utazame mgongo wake. Utaona matundu ya HDMI yamejipanga, vifungio vya spika vyekundu na vyeusi, tundu la sabufa, na huko pembeni, kama mgeni asiyealikwa, kitundu kimoja cha duara kilichoandikwa FM. Mashine nyingi zina pia klipu mbili za AM kando yake. Mwenye mashine huunganisha king'amuzi, huunganisha spika zote tano, na ule waya mwembamba uliokuja ndani ya boksi hubaki umefungwa kwenye plastiki yake. Siku akibonyeza TUNER husikia mvumo mtupu, na hapo hapo huihukumu redio kuwa mbovu.

Hukumu hiyo si ya haki. Sauti ya diski ya filamu haijali ikichezwa Mwanza au Osaka. Ni ile ile. Redio hutegemea mahali: mnara uko upande gani, nchi imepanga masafa yake vipi, ukuta umejengwa kwa nini. Ndiyo sehemu pekee ya risiva inayohitaji kuambiwa iko wapi duniani, na karibu kila lalamiko ninalolisikia kuhusu redio hizi linatokana na mashine ambayo haijaambiwa.

Tuanze na mashine zinazoletwa na ndugu kutoka Marekani, maana hizo ndizo zenye visa. Kabla ya jambo lolote soma lebo ya nyuma. Ikisema 120 V, usiichomeke kwenye umeme wetu bila transfoma ya kushusha, la sivyo sura hii haitakuwa na kazi kwako. Likishapita hilo, kuna suala la hatua za masafa. Marekani hupanga vituo vya FM kwa hatua za kilohezi 200, navyo huangukia kwenye desimali witiri tu: 88.1, 88.3, 88.5. Afrika na Ulaya hufuata mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1984, wenye hatua za kilohezi 100, kwa hiyo kituo kinaweza kukaa kwenye desimali yoyote. Risiva inayopiga hatua za Kimarekani ikiwashwa Nairobi itaipata Kiss 100 kwenye 100.3 bila taabu, lakini Capital FM iliyoko 98.4 itairuka. Itasimama 98.3, kisha 98.5, na kote huko utasikia sauti iliyochanika, hasa kwenye herufi s. Fundi asiyejua hili atafungua mashine kutafuta ubovu ambao haupo.

Kwenye masafa ya kati, yaani AM, mambo ni mabaya zaidi. Kwetu vituo hupangwa kwa kilohezi 9, utaratibu ulioanza kutumika Novemba 1978. Amerika hutumia 10. Namba zinazokubali kugawanywa kwa 9 na kwa 10 ni chache: 540, 630, 720, na hivyo hivyo kila baada ya 90. Vituo vingine vyote vitasikika kwa pembeni, au visisikike kabisa.

Dawa ipo kwenye mashine nyingi, ila imefichwa. Onkyo nyingi zina kipengele cha hatua za masafa ndani ya menyu ya kawaida, nawe huchagua kati ya 10 kHz/0.2 MHz na 9 kHz/0.05 MHz. Baadhi ya Yamaha zilizotengenezwa kwa soko la nchi mbalimbali huhitaji uzime mashine, ushikilie kitufe cha STRAIGHT, kisha uiwashe. Menyu ya ndani itafunguka na utatafuta herufi TU. Jua tu kwamba kubadili hatua kwa kawaida hufuta vituo ulivyohifadhi, kwa hiyo fanya kazi hii kwanza.

Sasa ule waya. Wimbi la FM karibu na megahezi 100 lina urefu wa mita 3. Antena hufanya kazi vizuri ikiwa nusu ya wimbi, ndiyo maana antena ya umbo la T ina mikono miwili ya sentimita 75 kila mmoja. Ukiukunja waya huo nyuma ya kabati umeufuta urefu wake. Unyooshe, uupandishe juu, uuelekeze dirishani, na uuweke mbali na nyaya za HDMI, ruta na chaja, kwani vyote hivyo hurusha kelele zake. Taa za LED za bei rahisi ni maadui wakubwa wa AM. Zima moja moja usikilize mkwaruzo unaondoka na ipi. Kitanzi cha AM nacho hupokea zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kizungushe polepole. Antena ya king'amuzi iliyoko juu ya bati, ile yenye mbavu kama mifupa ya samaki, isikudanganye: imekatwa kwa masafa ya UHF, na kwa FM inaweza kushindwa hata na waya ulionyooshwa vizuri.

Kituo kikiendelea kukwaruza baada ya hapo, kuna kitufe ambacho nadhani ndicho bora kuliko vyote vya upande wa redio, na ambacho watu hukiona kama adhabu: MONO. Matangazo ya stereo ya FM hubeba vitu viwili. Cha kwanza ni jumla ya kushoto na kulia, kilichokaa chini, pale ambapo mashine ya mono husikiliza. Cha pili ni tofauti kati ya kushoto na kulia, kilichopandishwa juu kuzunguka kilohezi 38. Kelele za FM huongezeka kadiri unavyopanda, kwa hiyo ile tofauti husafiri mahali penye vumbi jingi, na risiva ikiirudisha chini huja na vumbi lote. Ukibonyeza MONO umeiacha huko huko. Kelele hupungua kwa kama desibeli 20, na mtangazaji aliyekuwa anazama husikika anavuta pumzi.

Ila kuna mtego. Modi za Dolby hutafuta kinachofanana kushoto na kulia na kukipeleka spika ya kati. Kwenye mono kila kitu kinafanana, basi spika ya kati peke yake ndiyo itakayosema, na mtu atadhani nyingine zimekufa. Kwa taarifa ya habari si vibaya. Kwa taarab rudi kwenye STEREO au DIRECT, na kwa sherehe tumia modi ya stereo kwa spika zote, japo masikio yangu huichoka haraka.

Kuhifadhi vituo hakuhitaji maelezo marefu: MEMORY, namba, basi. Yamaha nyingi huchukua vituo 40, ambavyo ni vingi kuliko utakavyovitumia. Masafa mafupi usiyatafute, hayamo, na waliokulia na BBC na Deutsche Welle usiku wana haki ya kusononeka.

Kuna jambo moja ambalo risiva hulifanya na redio ya mezani haiwezi. Ndani ya menyu ya OPTION, Yamaha nyingi zina kipengele cha Video Out, na Denon wana Video Select. Humo unaiambia mashine itoe picha ya king'amuzi huku sauti ikitoka redioni. Mechi ya Simba na Yanga inabaki kwenye skrini, na utangazaji unakuwa wa redio, ule ambao humwonyesha mpira hata mtu aliyefumba macho.

Tatizo ni muda. Picha ya setilaiti hupanda zaidi ya kilomita 35,000 na kushuka, safari ya robo sekunde, lakini kuifungasha na kuifungua huchukua muda mrefu zaidi, na mara nyingi mtangazaji wa FM hupiga kelele za goli mchezaji wako akiwa bado anautuliza mpira. Kipengele cha kuchelewesha sauti kwenye risiva hakisaidii, kimetengenezwa kwa sehemu ndogo za sekunde. Njia inayofanya kazi ni kukiacha kitundu cha FM na kukifungua kituo hicho hicho kwa intaneti, kama risiva yako ina mtandao, kwa sababu huko sauti kwa kawaida huchelewa kuliko picha. Kisha mpira ukianza simamisha picha kwa king'amuzi chenye kurekodi, subiri, iachie pale sauti ya filimbi ya kuanza inaposikika. Kwa kasi ya kilobiti 128, dakika 90 na mapumziko yake zitakula karibu megabaiti 100 za bando lako, na jirani mwenye redio ya mkulima bado atashangilia kabla yako.