Amri ya echo na Ritifaa ya Kiswahili

Katika mfumo wa Unix, ulioanza kutungwa mwaka 1969 na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara ya Bell, Marekani, amri iitwayo echo, yaani mwangwi, hurudisha kwenye skrini maneno yaandikwayo baada yake. Mtu akiandika echo habari, kompyuta huonyesha: habari.

Hata hivyo, mwandishi wa Kiswahili yampasa kuwa na hadhari. Bash, mojawapo ya programu zinazopokea na kufasiri amri hizo, huichukua ritifaa kuwa ni alama ya kufungua nukuu, wala si sehemu ya neno. Akiandika:

echo ng'ombe

hapati jibu, bash huonyesha alama ya > na kungoja nukuu ifungwe. Hatari kubwa zaidi imo katika mfano huu:

echo ng'ombe na ng'ambo

Hapa ritifaa ya pili huifunga nukuu iliyofunguliwa na ya kwanza, zote mbili hutoweka, na skrini huonyesha: ngombe na ngambo. Hakuna onyo lolote. Sauti ya ng'ombe imeandikwa kama ile ya ngoma, na orodha ya msamiati ikihifadhiwa hivyo, kosa hurithiwa na kila atakayeitumia.

Dawa yake ni nyepesi. Maneno yote yazungushiwe alama za nukuu zenye vistari viwili:

echo "ng'ombe na ng'ambo"

Ndani ya alama hizo ritifaa hubaki ritifaa, na tahajia ya Kiswahili husalimika.