Mjumbe Aliyeipita Tabora

Haya, wanangu, sogeeni. Jua limeshaelemea upande wa Kigoma, na huku Ntalikwa saa hizi ndipo kivuli kinatosha wote. Aliye mwisho afunge mbuzi vizuri, kisha aje.

Weka vidole viwili kooni. Si hapo, shuka kidogo. Sema, “Mmmm.” Unasikia kitu kinatetemeka? Sasa nong'ona jina lako. Je, kinatetemeka bado?

“Kimenyamaza, mjomba! Ni nini hicho?”

Swali zuri kabisa. Mtoto anayeuliza hivyo akipewa muwa wa pili sitamzuia.

Ndani ya koo, kwenye kiungo kiitwacho zoloto, kuna mikunjo miwili midogo ya nyama. Ndizo nyuzi za sauti. Ukivuta pumzi, zinaachana. Ukitaka kusema, zinakutana. Hewa kutoka mapafuni inajipenyeza katikati yake, nazo zinapigana haraka haraka. Baba akizungumza, zinapigana zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Mama, kama mara 200. Ninyi watoto mnazidi hapo, na ndiyo maana kelele zenu zinafika hadi barabarani.

“Nani aliziona, mjomba, nazo zimo ndani?”

Mwalimu wa kuimba! Jina lake Manuel García, aliyekuwa akifundisha London. Mwaka 1854 alichukua kioo kidogo cha daktari wa meno, chenye mpini mrefu, akakiingiza kinywani mwake mwenyewe. Kwa kioo kingine akaelekeza mwanga wa jua kooni. Akaziona zinafunguka na kufungika. Vioo viwili na jua, basi. Mimi humpenda mtu wa namna hiyo.

“Sasa mbona shangazi anakwaruza? Alipasuliwa shingo kutolewa rovu. Hakutolewa sauti.”

Hapo umefika penyewe. Nyuzi zake hazikuguswa. Aliyeguswa ni mjumbe. Nyamazeni, asimulie mwenyewe.

*Mimi ni neva, mjumbe wa sauti. Tuko wawili, mmoja kulia na mwingine kushoto. Mimi ni wa kushoto. Nabeba amri kutoka ubongoni: “Fungeni!” “Fungukeni!” Lakini njia yangu ni ya ajabu. Mnaijua njia ya misafara, iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora hadi Ujiji? Mwaka 1857 Burton na Speke waliondoka pwani mwezi wa Juni, na Novemba ndipo wakaingia Kaze, ndiyo hii Tabora. Sasa wazieni mpagazi mwenye barua ya mtu wa Tabora. Anafika Tabora, hageuki hata kutazama. Anaendelea hadi Ujiji, anazunguka mti mmoja, ndipo anarudi Tabora kuitoa barua. Huyo ndiye mimi. Nashuka shingoni, nalipita zoloto, naingia kifuani, nauzunguka mshipa mkubwa wa damu utokao moyoni, kisha napanda tena.*

“Mjomba, huyu mjumbe kapotea!”

Hajapotea. Mtoto anapoanza kuumbika tumboni mwa mama, moyo wake uko karibu kabisa na shingo, na njia ya mjumbe ni fupi. Kisha shingo inarefuka, moyo unashuka kifuani, na mjumbe anavutwa nao kwa kuwa ameuzunguka mshipa wake. Twiga naye ni vivyo hivyo. Mjumbe wake hutembea mita kadhaa, kushuka shingo yote na kuipanda tena, ili tu afikishe amri hapo karibu na kichwa. Labda ndiyo maana twiga hana maneno mengi! Hapo natania, msiandike daftarini.

Sasa, rovu ni uvimbe wa tezi iliyo mbele ya shingo. Mara nyingi huja mwili ukikosa madini joto. Uvinza, kwenye njia hiyohiyo ya misafara, watu walichemsha maji ya chemchemi wakapata chumvi, na wapagazi wakaibeba kuiuza mbali. Siku hizi, ili kuzuia rovu, sheria inataka chumvi ya kula iongezwe madini joto. Mama akiinunua, ifunikwe vizuri, na itiwe chakula kikikaribia kuiva.

Tezi hiyo imekaa ubavuni mwa njia ya mjumbe, pale anapopanda kurudi. Unene wa mjumbe ni milimita moja au mbili hivi. Daktari anamtafuta kwa uangalifu kabla ya kukata, lakini rovu kubwa huwa limemsukuma pembeni. Mjumbe akivutwa au akibonyezwa, anazimia. Amri haifiki. Uzi mmoja unabaki umesimama wazi, mwenzake anakuja kukutana naye na hamkuti. Hewa inavuja. Sauti inatoka na upepo mwingi, inachoka mapema. Hata maji yanampalia shangazi, kwa sababu nyuzi hizo pia ni walinzi wa njia ya hewa.

“Kwa hiyo sauti ya shangazi imekufa?”

Haijafa. Mjumbe yuko njiani. Akiwa amebonyezwa tu, huamka baada ya wiki kadhaa, au miezi. Akiwa ameumia ndani, huota upya kwa mwendo wa kama milimita moja kwa siku. Hebu pigeni hesabu: mwezi mzima, sentimita tatu! Ndiyo maana madaktari husubiri, mara nyingi hadi mwaka, kabla ya kusema basi.

Na akiwa amekatika kabisa? Hapo sitawadanganya, huenda asirudi. Lakini uzi mzima hujifunza kuvuka katikati ukamfuata mwenzake. Daktari pia anaweza kudunga dawa ya kuujaza uzi uliolala, usogee. Au anaweka kipande kidogo pembeni yake kinachousukuma ndani, upasuaji ulioelezwa na Isshiki wa Japani mwaka 1974.

Wakati wa kungoja kuna mazoezi. Shangazi atie mrija kwenye glasi ya maji, apulize huku akiguna “uuuu,” mapovu yacheze. Hapo mnaruhusiwa kupuliza naye, kila mtu na glasi yake. Anywe maji kidogo kidogo, kidevu kikiinama. Asikohoe kwa kujilazimisha. Asinong'one kwa nguvu, maana hilo nalo linachosha koo kuliko watu wanavyodhani.

Nanyi msimwite kutoka ng'ambo ya uwanja akalazimika kupaza sauti. Nendeni karibu, ndipo mseme naye. Mkimwona anahema kwa shida, mwambieni mtu mzima saa hiyohiyo, apelekwe hospitali. Na mtu yeyote nyumbani kwenu, aliyepasuliwa au asiyepasuliwa, sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, aende Kitete, hospitali ya mkoa pale Tabora mjini, achunguzwe koo.