Kopo la Poda na Deni Lisilojulikana Kiasi Chake

Katika nyumba nyingi za Afrika ya Mashariki, mtoto akisha kuogeshwa na kukaushwa hupakwa poda shingoni, kwapani na mapajani, ndipo avishwe nguo. Wako kina mama ambao huitumia poda hiyo hiyo kwa miili yao wenyewe nyakati za joto. Ni wachache wasomao maandishi madogo ya kopo, na wachache zaidi wajuao kwamba kopo hilo limezaa mojawapo ya madai makubwa kabisa kupata kufikishwa mahakamani. Anayedaiwa ni kampuni ya Johnson & Johnson ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1886 na ambayo ilianza kuuza poda ya watoto mwaka 1894.

Poda ya asili hutengenezwa kwa talki, jiwe laini linalochimbwa ardhini na kusagwa likawa unga. Talki ya kampuni hii ilitoka kwanza Italia, baadaye katika machimbo ya jimbo la Vermont, na mwishoni China. Tatizo ni kwamba talki na asbesto huweza kuzaliwa katika miamba ya namna moja, na mara nyingine hupatikana bega kwa bega. Asbesto haina ubishi: nyuzi zake zikivutwa pamoja na hewa huleta kansa ya mapafu na ya utando unaoyazunguka. Kwa hiyo walalamikaji wako wa namna mbili. Wengi ni wanawake waliopata kansa ya vifuko vya mayai ya uzazi baada ya kutumia poda kwa miaka mingi. Wengine, wachache kuliko hao, ni watu waliopata kansa ya utando wa mapafu.

Kampuni imekana tangu mwanzo. Husema kwamba poda yake ni salama, haina asbesto wala haileti kansa. Nao wataalamu hawakusema kwa sauti moja. Uchunguzi uliochapishwa Januari 2020, uliokusanya habari za wanawake zaidi ya 250,000 wa Marekani, haukuona uhusiano ulio dhahiri kati ya poda na kansa ya vifuko vya mayai. Lakini Julai 2024 shirika la utafiti wa kansa lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka talki katika kundi la vitu ambavyo yaelekea huleta kansa kwa binadamu. Si kundi la asbesto, ambayo hukumu yake ilikwisha kutolewa zamani. Ni kundi linalofuata chini yake.

Kesi ya kwanza kufika mbele ya juri ilisikilizwa South Dakota mwaka 2013. Juri iliona kwamba kampuni ilikuwa na uzembe, lakini haikumpa mlalamikaji hata senti moja. Miaka mitano baadaye mambo yalikuwa mengine. Julai 2018 juri ya St. Louis iliamuru wanawake 22 walipwe dola milioni 4,690. Desemba mwaka huo huo shirika la habari la Reuters lilieleza kwamba kwa miongo kadhaa watu wa ndani ya kampuni walijua kuwa baadhi ya vipimo vya talki vilionyesha asbesto kidogo. Siku hiyo moja bei ya hisa ilishuka kwa asilimia 10 hivi, na thamani ya kampuni sokoni ikapungua kwa dola milioni 40,000 kwa makadirio. Mwanzoni mwa mwaka 2019 kampuni iliwaarifu wenye hisa kuwa imepokea hati kutoka Wizara ya Sheria ya Marekani na kutoka tume inayosimamia masoko ya hisa, zikitaka nyaraka zinazohusu talki. Oktoba mwaka huo ikarudisha kutoka madukani makopo 33,000 hivi, baada ya wapimaji wa serikali kuona chembe za asbesto katika kopo moja.

Sasa tufike kwenye upande wa mahesabu, ambao wengi huuruka kwa kudhani ni wa makarani peke yao. Kampuni ambayo hisa zake huuzwa kwa watu wote hulazimika kueleza hali yake kila mwaka. Itaandikaje deni ambalo pengine halipo, na likiwapo halijulikani kiasi chake?

Tuchukue mfano wa kijijini. Mbuzi wa bwana mmoja wanasemekana kuingia shambani kwa jirani na kula mahindi. Jirani amekwenda barazani kudai fidia, na shauri halijaamuliwa. Bwana huyu ana shilingi zake kibindoni. Mkewe amuuliza: tuna kiasi gani cha kununulia mabati? Ikiwa mbuzi walionekana na watu kumi, naye ajua shamba la ukubwa ule hutozwa nini, hana budi kuzitenga fedha za fidia tangu leo na kuzihesabu kama zimekwisha kutoka. Ikiwa ushahidi ni wa nusu kwa nusu, hatatenga kitu, lakini itampasa amwambie mkewe kwamba lipo shauri, asije mama wa watu akaagiza mabati yote. Na ikiwa jirani anajulikana kwa kusingizia, naye hana shahidi hata mmoja, bwana anaweza kunyamaza.

Hivyo ndivyo isemavyo kanuni ya mahesabu ya Marekani iliyotolewa mwaka 1975. Hasara iliyo karibu kuwa na hakika, na inayokadirika, hutolewa katika faida papo hapo. Inayowezekana tu huelezwa kwa maneno katika kurasa za nyuma za taarifa. Iliyo mbali kabisa si lazima itajwe. Kwa hiyo anayetaka kuijua kampuni asiishie kwenye ukurasa wa kwanza wenye faida na picha za wakurugenzi. Kurasa za nyuma, zenye herufi ndogo, ndizo zenye habari. Ugumu ni kwamba mwenye mbuzi ndiye anayepima uzito wa ushahidi juu ya mbuzi wake.

Kwa Johnson & Johnson mizani iliinama mwaka 2020. Mei kampuni ilitangaza kuacha kuuza poda ya talki Marekani na Kanada, ikisema kwamba wanunuzi wamepungua. Juni mahakama ya rufani ya Missouri iliipunguza ile fidia ya wanawake 22 hadi dola milioni 2,120 hivi, na mwaka uliofuata Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kulisikiliza shauri hilo. Kampuni ikalipa, pamoja na riba. Katika mahesabu ya mwaka 2020 zilitengwa dola milioni 3,900 kwa ajili ya talki.

Hapo ikatafutwa njia nyingine. Sheria ya Texas huruhusu kampuni kujigawa, mali zikaenda huku na madeni kule. Wamarekani waliipa njia hii jina la ngoma ya Texas ya hatua mbili. Oktoba 2021 ilizaliwa kampuni mpya iitwayo LTL, ikabebeshwa madai yote ya talki, na baada ya siku chache ikaomba mahakamani itangazwe kuwa imefilisika. Anayefilisika hawezi kushtakiwa ovyo, basi kesi za watu wapatao 38,000 zikasimama. Wagonjwa wengine walifariki wakingoja.

Januari 2023 mahakama ya rufani ya Philadelphia ilikataa. Majaji walitazama hati zenyewe, wakaona kwamba LTL ilikuwa na haki ya kuchota kutoka kwa wazazi wake hadi dola milioni 61,500. Mwenye kisima cha namna hiyo, walisema, hana dhiki ya fedha inayomruhusu kukimbilia sheria ya waliofilisika. Kampuni ilijaribu tena Aprili mwaka huo, ikiahidi dola milioni 8,900 kwa muda wa miaka 25. Jaji akalitupa ombi hilo Julai. Jaribio la tatu lilifanywa Houston Septemba 2024 kwa jina la Red River, na tarehe 31 Machi 2025 jaji alilikataa pia, kwa sababu mojawapo kwamba kura za walalamikaji hazikukusanywa kwa njia ya kuridhisha.

Msomaji atastaajabu kusikia lililofuata. Kampuni iliposhindwa Houston, ilitangaza kwamba haitakata rufani bali itapambana na kila dai mahakamani, na kwa kuwa ahadi ya malipo ya jumla imekufa, dola zipatazo milioni 7,000 zilizokuwa zimetengwa zilirudishwa katika mahesabu. Faida ya robo ile ya mwaka ikapanda kwa ghafla. Hakuna poda iliyouzwa zaidi wala mgonjwa aliyepona. Ni kalamu iliyosogezwa kutoka safu moja kwenda nyingine, tena kwa kufuata kanuni.

Kabla ya hapo, Juni 2024, kampuni ilikuwa imekubali kulipa dola milioni 700 kwa majimbo 42 na mji wa Washington, yaliyoilaumu kwa namna ilivyoitangaza poda, bila kukiri kosa. Na Oktoba 2025 madai ya watu wapatao 3,000 yalifunguliwa London, ya kwanza makubwa ya aina hiyo Uingereza.

Uuzaji wa poda ya talki ya kampuni hii ulikoma duniani kote mwaka 2023, na nafasi yake ikachukuliwa na poda ya wanga wa mahindi. Lakini poda za talki za watengenezaji wengine zingali madukani. Anayenunua atafute neno "talc" katika orodha ya vilivyomo koponi. Madaktari wa watoto, kwa sababu nyingine kabisa, huonya juu ya poda ya aina yoyote kwa mtoto mchanga: vumbi lake likimwingia kifuani huweza kumletea taabu kubwa ya kupumua. Mtoto aliyekaushwa vizuri mikunjo ya ngozi kwa kitambaa laini hahitaji poda.