Mifugo kama Kipimo cha Uchafuzi wa Metali

Metali nzito, kama vile risasi na kadimiamu, haziozi. Zikitoka kwenye betri chakavu au taka za viwandani, huingia katika udongo, majani na maji. Mnyama anayekula na kunywa hapo kila siku huzikusanya mwilini. Ndiyo maana maji yaliyopimwa leo yanaweza kuonekana salama, lakini figo ya mnyama ikaonyesha uchafuzi wa miaka mingi.

Damu huonyesha uchafuzi wa karibuni. Figo na ini hukusanya kadimiamu. Mifupa huhifadhi risasi.

Mfano: ili kuchunguza Mto Ngerengere, unaopita Morogoro mjini, linganisha mbuzi wanaolishwa kandokando yake na mbuzi wa maziwa wanaofugwa bandani Mgeta, katika milima ya Uluguru, mbali na viwanda. Chagua wenye umri sawa, kwani mnyama mzee amekusanya zaidi. Usitumie ng'ombe wa kuhamahama. Hutajua metali ilitoka wapi.

Kumbuka: maini na figo hizo pia ni kitoweo chetu. Kipimo cha mnyama ni onyo kwa mlaji.

Swali: Kwa nini umri wa mnyama huathiri matokeo?